Mteremko nyuma ya nyumba umepasuka, ripoti inasema umetulia: niamini kipi?

*"Nyumba ya mama iko chini ya mteremko wa udongo wenye kimo cha kama mita 20. Ni wa asili, hakuna aliyewahi kuuchimba wala kuujaza. Una nyasi na miti. Mvua zilizopita ziliacha ufa juu kabisa, urefu kama mita 30, umepinda kama mwezi mchanga, na vidole viwili vinaingia. Kiangazi tulimwita mhandisi akachoronga mashimo mawili. Ripoti yake inasema mteremko una nyuzi 24, udongo laini una kina cha mita 3 juu ya tabaka gumu, maji yako mita 1.5 chini ya uso wa ardhi, pembe ya msuguano ni nyuzi 32, mshikamano kilopaskali 5, na namba ya usalama ni 1.28. Anahitimisha kwamba mteremko umetulia. Fundi wetu anasema udongo ule ni mgumu mpaka sururu inadunda, na kwa kuwa umesimama miaka yote hiyo, tukate mita 2 kule chini tupanue uwanja, kisha tujenge ukuta wa mawe. Jirani anasema tukipanda miti inatosha. Mimi naona 1.28 ni ziada ya asilimia 28, si haba, lakini ufa ule unaninyima usingizi. Mama ana miaka 74 na hataki kuhama. Niamini kipi?"*

Nianze na jibu kabla ya maelezo, maana umesema hulali: kati ya yote uliyoyataja, amini ufa. Usimruhusu fundi akate hata nusu mita kule chini. Na mvua kubwa zikianza, mama asilale katika nyumba ile mpaka kazi nitakayoieleza iwe imefanyika. Najua hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote kwenu, kwa hiyo nitakueleza sababu zake taratibu, ili nawe uweze kumweleza yeye.

Mhandisi wenu hakukosea hesabu. Nimeirudia kwa takwimu ulizoniandikia na nimepata 1.28 ileile. Tatizo ni kwamba namba hiyo ni hali ya mteremko siku aliyopima, ardhi ikiwa imekauka, na ufa wenu haukutokea siku hiyo. Ulitokea kwenye mvua. Ukielewa tofauti ya siku hizo mbili, umeelewa sehemu kubwa ya kazi yetu sisi tunaoshughulika na miteremko ya asili.

Chukua kipande kimoja cha mteremko wenu, chenye eneo la mita moja ya mraba pale kinapokalia tabaka gumu. Uzito wa udongo ulio juu yake unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: unakikokota kishuke, na unakikandamiza kwenye tabaka lililo chini. Kukokotwa ndiko kunakotaka kukiondoa. Kukandamizwa ndiko kunakokishikilia, kwa sababu msuguano hupatikana pale tu vitu viwili vinapogandamizana. Zaidi ya msuguano kuna mshikamano, yaani ule ugundi kidogo wa udongo wenyewe, ambao upo hata bila kukandamizwa. Kanuni hii ni ya zamani. Coulomb, mhandisi na mwanafizikia wa Ufaransa, aliiwasilisha mjini Paris mwaka 1773 na bado tunaitumia. Namba ya usalama ni kinachozuia kugawanywa kwa kinachokokota. Ikiwa 1, vimelingana, na mteremko uko tayari kuondoka.

Sasa maji. Watu wengi, hata baadhi ya mafundi wazuri, huamini kwamba maji huangusha mteremko kwa kuulainisha kama mafuta kwenye chuma. Karl Terzaghi, aliyeijenga taaluma yetu, alilikosoa wazo hilo waziwazi mwaka 1950. Maji hufanya jambo jingine. Yanapojaza vinyweleo kati ya punje za udongo, yanasukuma kila upande, na sehemu ya uzito uliokuwa unapita kutoka punje hadi punje inabebwa na maji. Punje zinaacha kugandamizana kama mwanzo. Maji hayana msuguano, kwa hiyo kila kilopaskali (kipimo cha nguvu inayokandamiza au kukokota eneo fulani) kinachobebwa nayo ni kilopaskali kilichopotea upande wa kuzuia. Upande wa kukokota haupungui hata chembe, kwa sababu uzito ni uleule.

Tuuone kwenye mteremko wenu. Nimechukua uzito wa udongo kuwa kilonewtoni 19 (karibu tani mbili) kwa mita ya ujazo, ambao ni wa kawaida kwa udongo wa namna hii. Katika kina cha mita 3, kinachokokota ni kilopaskali 21.2. Uzito unakandamiza kwa kilopaskali 47.6. Maji yakiwa mita 1.5 juu ya tabaka gumu, kama mhandisi alivyoyakuta, shinikizo lake ni kilopaskali 12.3, na punje zinabaki kugandamizana kwa 35.3. Zidisha kwa 0.625, ambayo ni tanjenti ya pembe ya msuguano ya nyuzi 32, unapata 22.1. Ongeza mshikamano wa 5. Kinachozuia kinafika 27.1, na 27.1 kugawanywa kwa 21.2 ni 1.28. Hapo ndipo namba ya ripoti ilipotoka.

Rudia hesabu hiyohiyo huku maji yamepanda mpaka kwenye nyasi. Shinikizo linafika kilopaskali 24.6. Punje zinagandamizana kwa 23 tu, msuguano unashuka hadi 14.4, na hata ukiongeza mshikamano unapata 19.4 dhidi ya 21.2. Namba ya usalama ni 0.91. Mteremko wenye namba hiyo hausimami. Kwa udongo uleule, pembe ileile na nyumba ileile chini yake, mvua peke yake inaweza kuutoa mteremko wenu kwenye 1.28 na kuushusha chini ya 1.

Na hapa ufa unakuja kuwa shahidi mkuu. Ufa uliopinda kama mwezi, juu ya mteremko, huku pembe zake mbili zikielekea chini, mara nyingi ni mahali ambapo kipande kizima kimejitenga na mlima na kushuka kidogo. Ili kipande kisogee ni lazima, kwa muda fulani, kinachokokota kiwe kimefikia kinachozuia. Maana yake, siku ile ya mvua namba yenu ilikuwa 1 au karibu sana na 1. Hatuhitaji maabara kulijua hilo; mteremko wenyewe umekwisha kufanya jaribio. Sisi tunaweza kurudi nyuma na kuuliza: kwa takwimu za ripoti, maji yangepaswa kuwa wapi ili namba iwe 1? Jibu ni kama mita 2.65 juu ya tabaka gumu, yaani sentimita 35 tu chini ya nyasi. Je, kwenye mvua zile ardhi ilikuwa chepechepe, kisigino kikizama na kuacha shimo linalojaa maji? Kama ndiyo, takwimu za mhandisi zinaelekea kuwa sahihi na mambo yameeleweka. Kama ardhi haikuwa imelowa kiasi hicho na bado ilipasuka, basi hali ni mbaya zaidi: udongo ni dhaifu kuliko ripoti inavyodai, na hata 1.28 ya kiangazi haipo. Muulize mama. Anaishi pale, ataukumbuka uwanja wake ulivyokuwa wiki ile.

Umeuliza kuhusu ile ziada ya asilimia 28. Ninaelewa kwa nini inakutuliza, lakini angalia imeegemea nini. Katika kilopaskali 27.1 zinazozuia, 5 ni mshikamano. Hicho ni kiasi kidogo sana ambacho maabara hupata shida kukipima kwa uhakika, na pengine hakikuwa mshikamano kamwe. Kinaweza kuwa ugumu wa ukavu uliojificha, ambao nitaufikia. Ukiiondoa hiyo 5, namba ya kiangazi inashuka kutoka 1.28 hadi 1.04. Karibu ziada yote imetoweka kwa sababu ya takwimu moja ndogo. Ndiyo maana kwa miteremko mipya iliyo karibu na makazi wahandisi wengi hulenga 1.5, na hulenga hivyo kwa hali mbaya ya maji inayoweza kutarajiwa, kamwe si kwa maji ya kiangazi. Kanuni za Ulaya, Eurocode 7, hufuata njia nyingine: msuguano na mshikamano hupunguzwa kwanza kwa kuvigawanya kwa 1.25, kisha mteremko hutakiwa bado kusimama. Njia zote mbili zinakiri jambo lilelile, kwamba hatuujui udongo wa asili kama tunavyokijua chuma kilichotoka kiwandani.

Kwa mteremko wa asili mimi hukubali wakati mwingine namba ndogo kuliko 1.5, hata 1.3, ikiwa maji yamepimwa majira yote, udongo unafahamika na hakuna dalili ya kusogea. Kwenu hakuna hata moja kati ya hayo matatu.

Nije kwa fundi, kwa heshima, maana anachokisema ni kweli kwa alichokishika mkononi. Sururu inadunda, hilo sikatai. Lakini chukua mchanga mkavu kiganjani, unamiminika. Uloweshe kidogo na kuufinya: unasimama kama donge, unaweza hata kuuchonga ukuta wima. Kisha lidumbukize donge lile ndani ya maji. Linasambaratika mbele ya macho yako. Punje hazikubadilika katika hatua zote tatu. Kilicholishikilia donge ni matone madogo ya maji yaliyobana kati ya punje na kuzivuta zikaribiane, na yalipopata maji mengi mvuto ule ukafa. Udongo wa mteremko wenu wakati wa kiangazi ni lile donge. Ugumu wake ni wa kweli, ila huondoka kwenye mvua, siku mnayouhitaji.

Hoja yake ya pili, kwamba mteremko umesimama miaka yote hiyo, ina uzito zaidi na inastahili jibu la makini. Kusimama kwake kunathibitisha kitu kimoja: kwa umbo uliokuwa nao na kwa mvua zilizowahi kunyesha, haukuanguka. Hakuthibitishi kwamba una akiba kubwa. Miteremko mingi ya asili huishi karibu na ukingo wake, kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Mto hukata mguu wake, mwamba huoza kuwa udongo, na mteremko huendelea kubadilika mpaka unapokaribia kushindwa. Kuna jambo la ndani zaidi. Kadiri mwamba unavyooza, udongo laini unaongezeka kina, na ule mshikamano mdogo unalazimika kushikilia mzigo mkubwa zaidi. Kwenye mteremko kama wenu, udongo ukiwa na kina cha mita 2, mshikamano wa kilopaskali 5 unachangia 0.35 kwenye namba ya usalama. Ukifika mita 3 unachangia 0.24. Muda haukuwa upande wenu hata kama hakuna aliyegusa kitu.

Na udongo ukishasogea, haurudi kuwa ule wa mwanzo. Niliwahi kuitwa kwenye mteremko mwingine, uliopasuka kama wenu, tukachimba shimo la majaribio lililoegemezwa vizuri kwa mbao na mihimili (usiingie kamwe kwenye shimo lenye kina cha zaidi ya mita moja lisiloegemezwa, hata kwa dakika). Udongo wote ulikuwa wa kahawia na mbovumbovu, mpaka tulipofika karibu na tabaka gumu. Pale nilipochomeka kisu na kukizungusha, donge likachomoka lenyewe na kuacha uso laini, unaong'aa kama kipande cha sabuni kilichotumika, wenye michirizi myembamba yote ikielekea upande mmoja, kule mteremko unakoshukia. Nilipitisha kidole nikahisi utelezi. Unene wa tabaka lile ulikuwa milimita chache tu, lakini mlima mzima ulikuwa umelikalia. Udongo wa mfinyanzi ukisogea hivyo, chembe zake bapa hujipanga kama karata na msuguano wake hushuka. Katika mfinyanzi wa aina fulani hushuka hata chini ya nyuzi 15. Mhandisi Mwingereza Alec Skempton aliliweka jambo hili wazi mwaka 1964 alipochambua miteremko ya mfinyanzi wa Uingereza, ukiwamo wa London, ambako kingo zilizokatwa kwa ajili ya reli zilikuwa zikiporomoka miongo kadhaa baada ya kuchimbwa, watu wakiwa wamekwisha kusahau kwamba kuna kilichokatwa.

Ndiyo maana nataka kujua kama mashimo mawili ya mhandisi wenu yalitoa sampuli zisizovurugwa kutoka kwenye mpaka wa udongo laini na tabaka gumu, au pembe ya nyuzi 32 ilipimwa kwenye udongo wa katikati. Kama ni ya katikati, imepimwa mahali ambapo mteremko hautelezi.

Kukata mita 2 kule chini ndiyo hatua mbaya kuliko zote zilizotajwa kwenye barua yako. Hesabu niliyokufanyia inakichukulia kila kipande kuwa kinajisimamia. Mteremko halisi una msaada mmoja wa ziada: udongo wa chini kabisa, pale ardhi inapolala, unawaegemeza wote walio juu yake. Ukiukata, umeondoa kizibo. Ukuta wa mawe unaokusudiwa kujengwa baadaye haurudishi kilichoondolewa, kwanza kwa sababu kuna siku au wiki kati ya kukata na kujenga ambapo hakuna chochote pale, na pili kwa sababu ukuta wenye msingi usiofika chini ya uso wa kutelezea hauzuii. Unapanda juu ya kipande kinachosogea na kusafiri nacho. Ukijengwa bila matundu ya kutolea maji na bila kokoto nyuma yake, unageuka bwawa, na tumeona tayari maji yanafanya nini.

Usidhani kazi ndogo ya udongo haiwezi kuleta jambo kubwa. Kule Rissa, Norway, tarehe 29 Aprili 1978, mkulima mmoja alikuwa akichimba ili kupanua ghala lake na kuumwaga udongo kando ya ziwa, takriban mita za ujazo 700. Ukingo ulishindwa pale udongo ulipomwagwa, na maporomoko yakarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mita za ujazo kati ya milioni 5 na 6 zikaondoka. Mfinyanzi wa kule ni wa aina ya pekee, unaogeuka uji ukivurugwa, na sidai kwamba wenu ni huo. Ninachosema ni kwamba mlima ulio ukingoni haupimi ukubwa wa kazi yako. Unapima tu kama umeondoa au umeongeza kitu mahali pabaya.

Miti ya jirani sitaikataa. Mizizi hufunga udongo wa juu, majani hupunguza maji yanayoingia, na iliyopo isikatwe kabisa, maana mizizi ya mti uliokatwa huoza na nguvu yake hupotea ndani ya miaka michache. Lakini mizizi mingi hukaa kwenye mita moja au mbili za juu. Kipande chenu kinatelezea kwenye mita 3. Miti ingeshuka nacho ikiwa imesimama. Ndiyo maana mti wenye shina lililopinda chini kisha likanyooka kwenda juu huwa ni dalili ya ardhi inayojongea polepole kwa miaka, ingawa mti unaweza kupinda hivyo kwa sababu nyingine pia.

Sasa kinachoweza kusaidia. Kwa mteremko kama wenu mimi ningeelekeza nguvu kwenye maji kabla ya kitu kingine chochote. Angalia hesabu: maji yakizuiwa yasipande zaidi ya mita moja juu ya tabaka gumu hata kwenye mvua kubwa, namba inakuwa kama 1.4 badala ya 0.91. Hakuna ukuta wa kawaida unaoleta faida ya namna hiyo. Hufanyika kwa mifereji ya chini kwa chini inayofuata mteremko kutoka juu kwenda chini, iliyochimbwa vipande vifupi vifupi wakati wa ukavu, ikavishwa kitambaa cha kuchujia na kujazwa kokoto. Au kwa mabomba yenye matundu yanayochorongwa kuingia mlimani yakiwa yameinuka kidogo kwa ndani ili maji yatiririke yenyewe. Dosari yake niiseme: mabomba huziba. Yasipokaguliwa na kusafishwa, baada ya miaka mnaishi na usalama ulioandikwa kwenye karatasi tu. Msaada wa pili ni kuongeza uzito kule chini, tuta la mawe yanayopitisha maji, kinyume kabisa cha alichopendekeza fundi. Nalo lina sharti: likae chini ya ncha ya kipande kinachosogea, si juu yake, na lisizibe chemchemi. Nguzo za zege zinazopenya hadi kwenye tabaka gumu huwezekana pia, lakini gharama yake mara nyingi huzidi ya nyumba inayolindwa, na katika hali hiyo kuihamisha nyumba ni uamuzi wa kihandisi kama mwingine wowote. Sitaki uuone kama kushindwa.

Hakuna kati ya hayo kinachopaswa kuanza kwa maelezo yangu. Sijauona mteremko, na anayeandika kutoka mbali hawezi kukuambia kwamba mahali fulani ni salama. Anaweza tu kukuambia kwamba kuna hatari. Mrudieni mhandisi wenu, au mwingine aliyesajiliwa na mwenye uzoefu wa miteremko, na akiweza aje na mjiolojia. Hamna haja ya kumlaumu. Mwambieni mnataka piezomita, yaani mabomba membamba ya kupimia maji, ziwekwe na kusomwa majira yote ya mvua. Mwambieni atembee na kuchora: ufa unaanzia wapi na kuishia wapi, kama kuna uvimbe kule chini, maji yanatokea wapi. Achoronge hadi kupita tabaka gumu mita kadhaa, maana "tabaka gumu" la shimo moja huweza kuwa jiwe kubwa lililolala. Azipime sampuli za pale pale mpakani, na azipime pia baada ya kuzitelezesha mara nyingi, ili aujue msuguano uliobaki baada ya kusogea. Mwisho arudie hesabu akianza na ufa: kwa takwimu zake mpya, je, mteremko unapasuka siku uliyopasuka? Hesabu isiyoweza kueleza ufa uliopo haina haki ya kutabiri kesho. Kama kipande si bapa na sare kama nilivyokichukulia, atakigawa katika vipande vya wima na kutumia njia kama ile ya mhandisi Bishop ya mwaka 1955 au zilizokuja baada yake. Programu za kompyuta hufanya hivyo kwa sekunde, lakini zinakula takwimu zilezile za maji na udongo.

Wakati mnamsubiri, kuna mnachoweza kufanya wiki hii. Zibeni ufa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa na mfunike kwa karatasi ya nailoni, kwa sababu ufa wazi ni mlango wa maji moja kwa moja hadi kwenye uso wa kutelezea, na ukijaa maji husukuma kipande kama jeki. Maji yanayotiririka kutoka juu yapitishwe pembeni kwa mtaro uliosakafiwa kwa saruji. Mtaro wa udongo mtupu juu ya ufa ni bora usiwepo, kwani unayakusanya maji na kuyanywesha mlima. Kagueni kama kuna bomba linalovuja, tangi, shamba linalomwagiliwa au shimo la maji taka huko juu. Nimewahi kuona mteremko ukitulia baada ya bomba moja kukarabatiwa.

Pigeni pia vigingi viwili vya nondo, kimoja kila upande wa ufa, vizame nusu mita, na chongeni alama ya msumeno juu ya kila kimoja. Wekeni jozi tatu: katikati na karibu na kila mwisho. Pimeni umbali kati ya alama kwa futi ya chuma, hadi milimita, mara moja kwa wiki wakati wa ukavu na kila siku wakati wa mvua, na mtu awe yuleyule. Andikeni kila kipimo pamoja na tarehe na mvua iliyonyesha. Kitu cha kukitazama ni mwendo. Ufa unaofunguka milimita 2 kila wiki kwa kasi ileile unawapa muda wa kuita wataalamu. Uliofunguka milimita 2, kisha 4, kisha 9, hauwapi. Mwaka 1985 mtafiti wa Kijapani, Fukuzono, alionyesha kwamba mteremko unaokaribia kuanguka huongeza kasi kwa namna inayoweza kuchorwa na kufuatiliwa, na mpaka leo maonyo mengi hutumia wazo lake. Mkiona mwendo huo, msisubiri kipimo cha nne.

Ondokeni pia bila kupima chochote mkiona milango inakwama ghafla, chemchemi mpya au iliyokuwepo ikitoa maji ya tope au ikikauka katikati ya mvua, nguzo au miti ikilala, au mkisikia mizizi ikikatika. Ondokeni kwa kwenda pembeni ya mteremko, si kwa kukimbia kushuka mbele yake. Lakini maporomoko ya udongo wenye kina cha mita 3 huweza pia kuja usiku bila dalili hizo zote, na mama wa miaka 74 hawezi kutegemea masikio na miguu yake saa nane za usiku. Ndiyo maana nimesema asilale pale mvua kubwa ikinyesha, wala siku mbili tatu baada yake, kwa kuwa maji hufika kwenye mita 3 yakiwa yamechelewa nyuma ya mvua na shinikizo huweza kuendelea kupanda mbingu zikiwa zimekwisha kutakata.

Mwambie kwamba si lazima ahame moja kwa moja. Mchana wa jua aje, afue, akae barazani kwake. Piezomita zikisomwa majira mazima ya mvua na vigingi visiposogea, nitafurahi kuusoma ujumbe wako mwingine wenye vipimo hivyo, na tutaliangalia upya swali la yeye kulala pale.